Sarafu sita za safari ya Afrika: mwongozo kamili wa kukusanya sarafu za kumbukumbu za Kombe la Dunia

Tarehe 2 Juni 1978, mjini Rosario, Tunisia iliifunga Mexico mabao 3-1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kushinda mechi ya Kombe la Dunia. Siku hizohizo abiria wa Argentina walikuwa wakilipa nauli kwa sarafu za peso 20, 50 na 100 zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano hayo. Moja ya peso 100 ninayo hapa mezani. Rangi yake ni ya shaba iliyofifia, na pembeni ina mikwaruzo ya mifuko ya watu nisiowajua. Dukani ni rahisi kuliko soda mbili, na singependa kuibadilisha na kipande chochote kinachong'aa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayependa mpira na angependa kuushika mkononi kwa namna hiyo. Badala ya kukutajia kila sarafu ya soka duniani, nitakupitisha kwenye mkusanyo mmoja mdogo wa sarafu sita unaofuata safari ya timu za Afrika kuanzia 1978 hadi 2006. Ukiumaliza utakuwa umejifunza karibu kila kitu utakachohitaji kwa mikusanyo mingine.

Neno moja kwanza. Kiswahili kinatumia "fedha" kwa madini na kwa pesa pia, na katika shughuli hii mkanganyiko huo unagharimu. Humu, fedha ni yale madini meupe. Nikizungumzia za kutumia nitasema pesa.

Hatua ya kwanza: jua unachoshika ni sarafu ya aina gani

Vitu vinavyouzwa kwa jina la "sarafu ya Kombe la Dunia" vimegawanyika makundi matatu, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Kundi la kwanza ni sarafu za matumizi zenye sura ya kumbukumbu. Benki kuu au hazina ya nchi ilizitoa kwa wananchi, zikanunulia mkate na kulipia basi. Peso 100 ya Argentina imo humo. Kundi la pili ni sarafu halali za nchi ambazo tangu mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Zina thamani iliyoandikwa, lakini zinauzwa kwa bei ya juu kuliko hiyo na hakuna anayezipeleka sokoni. Kundi la tatu si sarafu kabisa, ni medali au vipande vya ukumbusho. Havina thamani iliyoandikwa, na mara nyingi havina hata jina la nchi iliyovitoa.

Medali si kitu kibaya. Mwaka 1970 vituo vya mafuta vya Esso nchini Uingereza viliwapa wateja vipande vyenye sura za wachezaji 30 wa kikosi cha England, na hadi leo watu wanavitafuta. Kosa ni kulipia medali bei ya sarafu. Siku hizi mitandaoni kumejaa vipande vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vina picha ya kombe upande mmoja na mchezaji maarufu upande wa pili, vimefungwa kwenye kasha la plastiki lenye mvuto. Kigeuze. Ukikosa jina la nchi na ukakosa thamani, ujue umeshika pambo.

Kundi la pili lina jambo linalotuhusu sisi wa ukanda huu. Utakutana na sarafu za soka zenye jina la Uganda au la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingine za fedha na zimenakshiwa vizuri. Usidhani ziliwahi kurudishwa chenji Kampala au Kinshasa. Ni sarafu halali, zilizotengenezwa ng'ambo kwa soko la wakusanyaji wa ng'ambo. Mimi sizikatai, na Mkongo kutaka sarafu yenye jina la nchi yake ni haki yake. Ila ukiambiwa ni adimu kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona mtaani, kumbuka kwamba haikukusudiwa kufika mtaani.

Hatua ya pili: weka mpaka kabla ya kutoa pesa

Mkusanyaji asiye na mpaka hununua kila kinachomvutia, na baada ya mwaka ana bakuli la vyuma visivyohusiana. Mpaka unaweza kuwa mashindano mamoja, nchi moja, madini ya aina moja, au simulizi. Mimi nilichagua simulizi, na sarafu zake sita ndizo hizi.

Ya kwanza ni peso 100 ya Argentina, 1978, kwa ajili ya Tunisia. Zipo pia zilizoandikwa 1977, kwa kuwa Argentina ilianza kuzitoa mwaka mmoja kabla. Ni mchanganyiko wa shaba na alumini. Mfumuko wa bei ulikuwa mkali nchini humo, kwa hiyo peso 100 hazikuwa pesa ya maana hata zilipokuwa mpya. Ndiyo maana zilibaki nyingi kwenye madroo.

Ya pili ni peseta 50 ya Hispania. Mashindano ya 1982 yanaweza kuniliza mpaka leo. Algeria waliifunga Ujerumani Magharibi 2-1 pale Gijón, kisha wakatolewa baada ya Ujerumani na Austria kumaliza mechi yao kwa 1-0 iliyowafaa wote wawili. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kamerun nao walitoka sare mechi zote tatu, wakafungwa bao moja tu, wakarudi nyumbani. Italia waliokuwa na pointi sawa nao walisonga mbele kwa kuwa walifunga mabao mawili na Kamerun moja, na hao Italia ndio wakatwaa kombe. Hispania ilitoa seti ya sarafu sita za matumizi: sentimo 50, kisha peseta 1, 5, 25, 50 na 100. Nitazirudia, kwa sababu ndizo zinazofundisha zaidi.

Ya tatu ni peso 200 ya Mexico, 1986, ya shaba na nikeli, yenye wachezaji upande mmoja. Mwaka huo Morocco walitoka sare na Poland na England, wakawafunga Ureno 3-1, wakaongoza kundi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka hatua ya makundi. Mwaka 1993 Mexico ilifuta sifuri tatu katika pesa yake, na peso 200 hizo zikawa sawa na senti 20 mpya.

Ya nne ni nusu dola ya Marekani, 1994, mwaka wa Nigeria na bao la Rashidi Yekini dhidi ya Bulgaria. Hii ni ya kundi la pili, iliuzwa kwa wakusanyaji tu.

Ya tano ni yeni 500 ya Japani, 2002. Japani ilitoa yeni 500 za sura tatu, kila moja kwa mabara mawili: Asia na Oseania, Ulaya na Afrika, Amerika ya Kaskazini na ya Kusini. Unayoitaka ni ya Ulaya na Afrika. Fikiria kwamba mechi ya ufunguzi ilikuwa Ufaransa na Senegal, na Papa Bouba Diop akafunga bao pekee. Ulaya na Afrika katika kipande kimoja cha chuma! Mechi ilichezwa Seoul na sarafu ni ya Tokyo, lakini mashindano yalikuwa ya nchi zote mbili, nami nimeridhika.

Ya sita ni yuro 10 ya Ujerumani, ya fedha, iliyotolewa kwa ajili ya mashindano ya 2006, Ghana walipowafunga Wacheki na Wamarekani na kufika hatua ya mtoano mara yao ya kwanza kushiriki.

Utaniuliza Kamerun ya 1990 na Roger Milla iko wapi. Italia ilitoa lire 500 za fedha, na unaweza kuiongeza ukijaliwa. Mimi niliiacha nje mwanzoni kwa sababu nilitaka sarafu moja tu ya fedha, ya kujifunzia.

Hatua ya tatu: jifunze kuisoma sarafu

Hapa usiwe na haraka. Wanaopoteza pesa katika shughuli hii wengi wao walipenda kabla ya kusoma.

Anza na mwaka. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si lazima uwe mwaka iliyotengenezwa, wala mwaka wa mashindano. Chukua ile peseta 50 ya Hispania. Utaona kichwa cha Mfalme Juan Carlos na mwaka 1980. Mtu asiyejua atasema hii si ya 1982, na muuzaji asiyejua atasema zote ni sawa. Tafuta nyota ndogo. Ndani yake mna tarakimu mbili ndogo sana: 80, 81 au 82. Huo ndio mwaka halisi wa kutengenezwa, na 1980 ni mwaka wa toleo. Utahitaji lenzi inayokuza mara kumi, ile wanayotumia mafundi saa. Peseta 1, 5, 25 na 50 zote zilitoka na nyota za 80, 81 na 82, na sentimo 50 ilitoka na 80 peke yake. Ukitaka seti nzima kwa urahisi, anza na sita za nyota ya 80, kisha ongeza za 81 na 82 kidogokidogo. Kwa mkusanyo wetu wa sita, tafuta peseta 50 yenye nyota ya 82. Hiyo ndiyo iliyotengenezwa mwaka ambao Algeria walisimama Gijón.

Urusi nayo ilifanya jambo linalofanana. Rubo zake 25 za mashindano ya 2018 ni za sura tatu: nembo, kombe, na Zabivaka, mbwamwitu aliyekuwa kikaragosi cha mashindano. Zilianza kutolewa 2016, lakini zote zimeandikwa 2018. Mtu akikuambia ana rubo 25 ya Kombe la Dunia yenye mwaka 2016 juu yake, mwombe akuonyeshe.

Baada ya mwaka, tafuta herufi ya kiwanda. Nusu dola ya Marekani ya 1994 ina herufi D au P. D ni ya Denver, na ndiyo iliyotengenezwa kwa namna ya kawaida. P ni ya Philadelphia, na hiyo ni prufu. Prufu si daraja la ubora, ni namna ya kutengeneza. Kipande hutayarishwa kwa kung'arishwa, kisha hupigwa zaidi ya mara moja kwa mashine, uwanja wake, yaani sehemu isiyo na picha, ukawa kama kioo na picha ikawa na weupe wa ukungu. Prufu iliyokwaruzwa bado ni prufu, ila ni mbovu.

Ujerumani ndiyo yenye herufi nyingi: A ni Berlin, D ni München, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, J ni Hamburg. Yuro 10 za Kombe la Dunia zilitolewa miaka minne mfululizo, 2003 hadi 2006, na kila mwaka viwanda vyote vitano vilishiriki. Hapo ndipo mpaka wako utapimwa. Mtu anayetaka herufi zote anatafuta vipande 20 kabla hata hajagusa prufu. Mimi nina kimoja. Ukiwa na ndugu Hamburg, chukua J, iwe na maana kwenu.

Usisahau ukingo. Pauni 2 ya Uingereza ya 1996, iliyotolewa kwa ajili ya mashindano ya Ulaya yaliyochezwa England, haitaji mashindano popote kwenye nyuso zake mbili. Mgongoni kuna mpira, mwaka, na viduara 16 vya timu 16. Jina la mashindano limeandikwa ukingoni. Asiyegeuza ukingo hajaisoma sarafu hiyo.

(Na ukiwa kwenye sarafu za Uingereza, itafute peni 50 ya 2011, ya zile za Olimpiki ya London, inayoeleza kuotea kwa mchoro. Ilibuniwa na Neil Wolfson. Haimo katika sita zetu, lakini kila ninayemwonyesha huishia kubishana nami kuhusu mshika kibendera fulani, na jioni inapendeza.)

Hatua ya nne: pima

Vifaa ni vinne: mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ya sonara, kalipa ya kupimia kipenyo, sumaku, na lenzi. Mizani na kalipa za kidijitali zinapatikana kwa bei nafuu, na zitakulipa siku ya kwanza.

Kanuni ya sumaku ni nyepesi. Katika zile sita hakuna hata moja inayopaswa kushika sumaku. Ikishika, irudishe.

Uzito na kipenyo vilinganishe na vilivyoandikwa kwenye katalogi. Katalogi ya Numista iko mtandaoni bure na ina picha, uzito, madini na namba za katalogi ya Krause, zile zinazoanza na KM, ambazo wauzaji wengi huzitumia. Nusu dola ya 1994 ni gramu 11.34 na kipenyo cha milimita 30.6. Yeni 500 ni gramu 7 na milimita 26.5. Yuro 10 ya Ujerumani ni gramu 18 na milimita 32.5, fedha ya 925 kwa 1000.

Hiyo ya fedha ipime na kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 hutoa karibu 10.4, kwa hiyo sarafu ya gramu 18 itasoma kama gramu 1.74 majini. Ukipata kama 2.02 unashika shaba na nikeli, ambayo uzani wake ni 8.9. Tumia maji yaliyochujwa chumvi, kausha kwa kugusiza kitambaa laini bila kusugua, na usiifanyie prufu jambo hili. Prufu haitakiwi kuguswa na chochote.

Ukishajua ni fedha ya kweli, piga hesabu ya sakafu yake, yaani bei ambayo chini yake hakuna sababu ya kuuza. Gramu 18 mara 0.925 ni gramu 16.65 za fedha tupu. Gawanya kwa 31.1, unapata aunsi 0.535. Zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo. Muuzaji akitaka mara tano ya hapo, akueleze sababu, na sababu iwe kwenye sarafu, si kwenye kasha.

Hatua ya tano: kununua ukiwa huku kwetu

Sarafu nyingi za matumizi utazipata bila mtandao ukiuliza vizuri. Watalii huacha chenji. Waulize wahudumu wa hoteli, waongoza watalii wa Unguja, mabaharia waliostaafu wa Mombasa na Tanga. Zaidi ya hao, waulize jamaa walioko nje. Yuro 10 za Ujerumani za miaka ile ziliuzwa benki kwa thamani yake iliyoandikwa, kwa hiyo zipo familia zilizoweka moja kabatini zikaisahau. Shangazi anayeishi Stuttgart akija likizo na kipande kimoja kwenye pochi, umeokoa nauli na ushuru.

Ukinunua mtandaoni, nauli mara nyingi itaizidi bei ya sarafu yenyewe. Tafuta muuzaji mmoja mwenye tatu au nne kati ya sita, ununue pamoja. Omba picha za nyuso zote mbili za sarafu utakayotumiwa, si picha ya katalogi. Uliza itatumwaje. Taratibu za posta za kimataifa hazitaki sarafu zipite ndani ya barua ya kawaida, ni lazima kifurushi kiwe na rejista au bima. Muuzaji anayekuambia ataificha ndani ya kadi anakuhamishia hasara.

Usilipe zaidi kwa neno "adimu" bila kuuliza zilitengenezwa ngapi na zinatafutwa na wangapi. Mfano mzuri ni Marekani ya 1994. Sheria iliruhusu hadi sarafu milioni 5 za dola moja za fedha, wanunuzi wakachukua chini ya laki saba. Nusu dola nazo ziliruhusiwa milioni 5, hazikufika laki nane. Kwa hesabu ya uchache zingekuwa ghali. Hazikuwa, kwa kuwa kila aliyezitaka alizipata, na leo nusu dola hiyo ni ya bei rahisi. Kwangu hiyo ni habari njema.

Bandia za sarafu ndogo hizi ni chache, kwa kuwa hazimlipi mtengenezaji. Bandia ziko kwenye dhahabu na fedha kubwa. Sheria ya Marekani inataka nakala za sarafu zipigwe neno COPY juu yake, basi litafute kwa lenzi, hata pembeni. Sarafu za rangi nazo zina pande mbili. Rubo 25 za Urusi zilitolewa na serikali yenyewe zikiwa na rangi na zisizo na rangi, na zote ni halali. Lakini kuna watu binafsi wanaochukua sarafu ya kawaida, wakaipaka rangi nyumbani na kuiuza mara kumi. Katalogi ikisema haikutoka na rangi, rangi hiyo ni uharibifu.

Hatua ya sita: usisafishe

Sarafu yangu ya kwanza ya Argentina niliisugua kwa ukwaju na majivu, kama tunavyosugua sinia za shaba siku ya kuamkia Idi. Iling'aa kweli. Baada ya wiki ilianza kugeuka waridi kwa mabakamabaka, na chini ya lenzi uso wake umejaa michirizi inayokwenda upande mmoja. Hakuna mkusanyaji atakayeinunua. Niliinunua nyingine, na ile iliyosuguliwa naitumia kuwaonyesha wanaoanza.

Ndimu, chumvi, dawa ya meno, magadi, kitambaa cha vyombo vya fedha, vyote hivyo viache. Weusi unaoingia polepole kwenye fedha ni salfa ya hewani, na wakusanyaji wengi wanaupenda ukikaa sawasawa. Kama sarafu imenata mchanga, iloweke kwenye maji yaliyochujwa chumvi, ikaushe kwa kuigusiza. Kama imeshika ute wa kijani unaonata, huo umetoka kwenye plastiki, na asetoni safi ya duka la dawa huutoa bila kugusa chuma. Ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato haifai. Fungua madirisha, weka moto mbali.

Na siku zote shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya miezi haifutiki.

Hatua ya saba: kuhifadhi karibu na bahari

Wazungu wanaoandika kuhusu uhifadhi hawaishi Tanga. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na mbinu zinazotosha Nairobi hazitoshi hapa.

Adui wa kwanza ni albamu laini za plastiki zenye harufu kali, zilizotengenezwa kwa PVC. Zikipata joto hutoa asidi, na ule ute wa kijani ndio matokeo yake. Tafuta vifuko vigumu vya Mylar, plastiki isiyo na PVC, au vidonge vya plastiki ngumu vinavyofunga kwa kubana. Vile vikadi vyenye dirisha vinavyofungwa kwa pini vinafaa bara, lakini pwani pini hushika kutu na kutu husafiri. Ukivitumia, badilisha pini kila unapoona doa.

Sarafu zikishaingia vidongeni, ziweke kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti huchoka, kwa hiyo vibadilishe au vikaushe kila baada ya miezi michache, na masika iwe mara nyingi zaidi. Usiweke ndani raba, gazeti wala boksi la mbao mbichi. Raba ina salfa, na itachora mstari mweusi kwenye fedha yako.

Hatua ya nane: andika

Daftari moja linatosha. Kila sarafu ipewe namba, na chini yake uandike nchi, thamani, mwaka, nyota au herufi, uzito ulioupima, bei, tarehe na jina la aliyekuuzia. Ongeza sentensi moja ya mpira. Mimi kwa Mexico niliandika: "Morocco 3, Ureno 1." Mwonyeshe mtu mmoja nyumbani daftari lilipo, ili siku usipokuwepo sarafu zako zisipimwe kwa kilo kama vyuma chakavu.

Kuhusu kupeleka sarafu kwa kampuni za kupima madaraja kama PCGS na NGC, zinazotoa alama kuanzia 1 hadi 70 na kuifungia sarafu kwenye plastiki: kwa sita hizi usijisumbue, ada itazidi bei yake. Fikiria jambo hilo ukifika kwenye dhahabu.

Hatua ya tisa: kuwa tayari kwa mashindano ya nyumbani

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Benki kuu zetu zimewahi kutoa sarafu za kumbukumbu za mambo mengine, kwa hiyo fuatilia matangazo yao kwenye tovuti na magazetini kuanzia miezi kadhaa kabla. Siyo lazima iwe sarafu. Urusi ilitoa noti ya rubo 100 yenye kipa Lev Yashin mwaka 2018, na Qatar ikatoa noti ya riyali 22 mwaka 2022.

Likitoka tangazo, soma mambo manne: ni sarafu ya matumizi au ya wakusanyaji, ni ya madini gani, zitatengenezwa ngapi, na zinauzwa dirisha gani. Nenda mwenyewe mapema, na kitambulisho na pesa taslimu, ununue kwenye dirisha hilo badala ya kwa dalali aliyesimama nje ya geti. Kama bajeti inaruhusu chukua mbili, moja ya kuweka na moja ya kubadilishana na mkusanyaji wa nchi jirani. Tunza risiti na cheti pamoja na kasha lake. Ukifika nyumbani pima, andika kwenye daftari namba 7, na usiitoe kwenye kidonge chake.